Mtoto wa miaka miwili na filamu za zamani: aanze na dakika moja

Swali: Baba watoto na mimi tunapenda filamu za zamani, zile tulizokua nazo, na siku hizi tunazirudia nyumbani jioni. Tungefurahi mtoto wetu wa miaka 2 na miezi 10 azipende pia. Tumejaribu mara tatu. Mara ya kwanza aliinuka baada ya dakika 5 akaenda zake kucheza. Mara ya pili alilia, na usiku akakataa kulala peke yake. Mara ya tatu aling'ang'ania kipande kimoja tu, tukakirudia mpaka tukachoka. Isitoshe, kwenye TV yetu mpya watu wanaonekana wamenenepa na wanatembea kama wanateleza. Tunakosea wapi? Na je, akiwa anacheza pembeni, tunaweza kuendelea na filamu yetu?

Jibu: Mama, mtoto wako hana kasoro, na ladha yenu haina kasoro. Kilichokosewa ni kipimo. Filamu ya dakika 90 ni nguo iliyoshonwa kwa mwili wa mtu mzima. Mtoto wa umri huo unamkatia kipande kinachomtosha, na nguo nzima mnaivaa ninyi wawili akishalala.

Tuanze na muda. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 unasema mtoto wa miaka 2 hadi 4 asikae mbele ya skrini zaidi ya saa 1 kwa siku, na muda ukipungua ni bora zaidi. Saa hiyo si ya filamu peke yake: katuni za asubuhi na video za kwenye simu zimo humo humo. Kwa filamu ya zamani mimi ningetenga dakika 10 hadi 15 kwa kikao kimoja, mara mbili au tatu kwa wiki, mchana, akiwa ameshiba na hana usingizi. Usiiweke saa ya mwisho kabla ya kulala.

Sasa, kwa nini aliondoka baada ya dakika 5? Kwa sababu kuiona picha na kuielewa ni kazi mbili tofauti. Mwaka 1998 watafiti Georgene Troseth na Judy DeLoache walichapisha jaribio ambalo kila mzazi anayewasha TV angefaa kulijua. Watoto wa miaka 2 walionyeshwa mahali kidoli kinapofichwa katika chumba cha pili. Walioangalia kupitia dirishani waliingia, wakakiendea na kukichukua. Walioona ufichaji uleule kwenye TV walishindwa mara nyingi, ingawa macho yao yalikuwa yameona kila kitu. Wa miaka 2 na nusu walifanya vizuri zaidi. Mwanao basi amevuka mto huo juzi tu, na miguu bado ina maji.

Halafu kuna mikato. Mtu anafungua mlango, picha inaruka, tayari yuko mjini anashuka garini. Wewe unajaza pengo kichwani bila kujua kwamba unalijaza. Mtoto anaona mtu ametoweka na mwingine amejitokeza mahali pengine. Kisa kikirudi nyuma miaka 10, au kikipokezana kati ya nyumba mbili, ndiyo kabisa. Dakika 5 za kujaribu kuunganisha vitu visivyoungana zinachosha, naye akafanya jambo la akili: akaenda kucheza.

Hapo ndipo filamu za zamani sana zinapozishinda nyingi za leo, na ninalisema hili kwa moyo wote. Vichekesho bubu vya mwanzoni vilipigwa na kamera iliyotulia. Mwili mzima wa mtu unaonekana, kuanzia kofia hadi viatu. Kinachosababisha kinaonekana kwanza, matokeo yake yanafuata palepale, katika picha ileile. Na hakuna lugha ya kumzuia mtu.

Filamu ya kwanza iwe chini ya dakika moja

Anza na ile filamu fupi ya Louis Lumière ya 1895, ya mtunza bustani anayemwagiwa maji. Mtu anamwagilia kwa mpira. Kijana mtundu anakuja nyuma yake na kuukanyaga mpira. Maji yanakatika. Mtunza bustani anageuza mdomo wa mpira auchungulie, kijana anainua mguu, maji yanamrukia usoni. Kisha anamfukuza kijana, anamkamata na kumchapa. Kama hutaki mtoto aone kuchapwa, simamisha maji yanaporuka, kichekesho kimeshatimia.

Mara ya kwanza mwache aangalie mpaka mwisho bila wewe kusema neno. Mara ya pili simamisha maji yanapokatika, uulize: "Maji yameenda wapi?" Kisha nyamaza. Hesabu moyoni hadi 5 kabla ya kumsaidia, maana mtoto wa umri huu anahitaji muda kulitafuta neno, na wazazi wengi hujibu swali lao wenyewe kabla mtoto hajafungua mdomo. Elekeza kidole kwenye mguu wa kijana, si kwenye maji, kwa kuwa siri iko mguuni. Mara ya tatu simamisha palepale na umuulize kitakachotokea.

Kisha zima TV mtoke nje na mpira wa maji halisi. Mwache akanyage, wewe uchungulie. Akishaona maji yanakatika chini ya mguu wake mwenyewe, picha ya kesho itamwambia mambo ambayo ya leo haikumwambia. Kama hakuna mpira, chukua chupa laini ya plastiki yenye tundu kwenye kifuniko: akiminya yanatoka, akiachia yanakatika. Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayoifanya filamu iwe yake.

Baada ya wiki moja au mbili, panda ngazi. Buster Keaton ana kichekesho cha 1920 kiitwacho One Week: maharusi wanapewa nyumba iliyo vipande vipande ndani ya makasha, mtu mwenye wivu anabadilisha namba za makasha, na nyumba inatoka imepinda kila upande. Mtoto hahitaji habari za wivu. Mpe kipande cha ujenzi siku moja, kipande cha dhoruba inayoizungusha nyumba siku nyingine, na vitalu vya mbao sakafuni ili naye ajenge iliyopinda. Mwishoni treni inaivunja nyumba. Kwa mtoto mmoja hicho ni kilele cha furaha. Kwa mwingine ni msiba. Utamjua wa kwako kwa kutazama uso wake mnara wa vitalu unapoanguka.

Filamu yenye jeraha ndani yake

Akiwa amezoea, jaribuni Le Ballon rouge ya Albert Lamorisse, ya 1956. Ina dakika 34, maneno ni machache mno, na inamhusu mvulana wa Paris anayefuatwa na puto jekundu. Ninaitaja kwa sababu inafundisha kukata filamu vizuri kuliko nyingine.

Kikao cha kwanza kiishie pale puto linapotolewa nje dirishani nalo likakataa kwenda zake: limebaki linamsubiri mvulana. Ni pumziko la asili, na mtoto anaondoka na jambo la kufikiria. Kikao cha pili kiwe cha matembezi na puto mitaani na kufuatana kwake. Kikao cha tatu ndicho cha kuangaliwa kwa makini. Wavulana wakorofi wanalipiga puto kwa manati, linanywea taratibu, na mmoja analikanyaga. Halafu maputo ya mji mzima yanakuja na kumwinua mvulana angani.

Kosa linalofanyika hapa ni kuzima katikati, puto likiwa limelala chini, kwa sababu muda umeisha au chakula kimeiva. Mtoto anabaki na puto lililokufa siku nzima. Kwa hiyo hakikisha kuna muda wa kutosha, na kipande cha huzuni na kipande cha faraja viwe katika kikao kimoja bila kupumzika. Mwambie kabla hamjawasha: "Leo wale watoto watalipiga puto, na upepo utaisha. Baadaye maputo mengi sana yatakuja." Kumwambia mapema hakuharibu utamu. Mtu mzima anataka asijue mwisho. Mtoto wa miaka miwili anataka ajue.

Hofu ya mara ya pili

Hukutaja filamu iliyomliza, lakini naweza kukisia mlivyomtuliza: "Si kweli, ni filamu tu." Sentensi hiyo haina nguvu kwa umri huu. Mpaka wa kitu kinachoonekana na kitu kilichopo bado haujakaa sawasawa, na hofu yake inaendeshwa na sura na sauti, si na maana. Joanne Cantor na Glenn Sparks, watafiti wa Marekani, waliliona hili kupitia mfululizo wa The Incredible Hulk wa mwishoni mwa miaka ya 1970. Shujaa wake ni mtu mwema anayegeuka jitu la kijani na kuwasaidia wanyonge. Wazazi waliutaja miongoni mwa vipindi vilivyowatisha sana watoto wao wadogo, kwa sababu ya kule kugeuka. Wewe unaona mtetezi. Mtoto anaona uso uliokuwa uso, sasa si uso tena.

Kwa hiyo kabla ya kumwonyesha filamu yoyote, rudieni ninyi kwanza usiku, nzima, mkiwa na karatasi na kalamu. Usiiamini kumbukumbu yako. Mtu hukumbuka wimbo na farasi, akasahau mama aliyekufa dakika ya 8. Andika dakika na tukio: uso unaobadilika, mzazi anayetoweka, mnyama anayepigwa, moto, giza, kelele ya ghafla, watu wazima wanaogombana. Andika pia yale ambayo hayatamtisha bali atayaiga, kama kupanda dirisha, viberiti na visu. Na yako yale ambayo zama zile hazikuyaonea aibu: sigara kila mkono, na dhihaka kwa watu wa rangi au taifa fulani. Ukiona dhihaka hiyo ndiyo uti wa mgongo wa filamu, iweke mpaka atakapokuwa mkubwa wa kuzungumza nawe kuhusu jambo hilo. Karatasi ikijaa alama, filamu hiyo si ya mwaka huu.

Akishtuka hata hivyo, kata sauti kwanza, picha baadaye. Mara nyingi ni muziki unaomtisha, na picha ikibaki bila sauti nusu ya hofu inaondoka. Mpakate, washa taa, mpe kitu chake cha kushika. Akitaka, yeye mwenyewe ndiye abonyeze kitufe cha kuzima; kitendo hicho kidogo kinamrudishia mamlaka. Usimlazimishe amalizie ili azoee. Kesho yake mchore pamoja kilichomtisha, kikubwa kisha kidogo. Usiku akikataa kulala peke yake, kaa naye bila ubishi, na filamu hiyo ipotee machoni kwa miezi kadhaa.

Kipande kilekile, tena na tena

Hii mara ya tatu mnayoilalamikia ndiyo mliyofaulu! Mwaka 1999 ulichapishwa utafiti juu ya Blue's Clues, kipindi cha watoto cha Marekani ambacho kilirushwa sehemu ileile siku 5 mfululizo. Kadiri watoto wa miaka 3 hadi 5 walivyokirudia ndivyo walivyoelewa zaidi, na walizidi kujibu na kuzungumza na skrini badala ya kukodoa macho tu. Kurudia ndiyo njia yao ya kusoma: leo anaona nani yupo, kesho nani kafanya nini, keshokutwa kwa nini.

Isipokuwa, idadi ipangwe kabla: "Tunaangalia mara 2, halafu wewe unazima." Weka mawe au vifuniko 2 mezani, aondoe kimoja kila kipande kinapoisha, maana hesabu ya kichwani haimwambii kitu bado. Kila mzunguko mbadilishie kazi: mara moja ataje vitu, mara nyingine akuigizie, na baada ya siku chache kata sauti yeye ndiye asimulie. Akianza kupepesa macho, kujilaza au kuvuta masikio, amechoka hata kama anasema "tena".

Zima pia kile kipengele cha video kujianzisha zenyewe moja baada ya nyingine. Kama mnatumia huduma yenye matangazo, pakua filamu mapema au tumieni diski. Tangazo la filamu ya kutisha linaweza kuingia katikati ya puto jekundu bila hodi.

Watu walionenepa na wanaoteleza

Haya ni makosa mawili tofauti ya TV, na yote mawili yanarekebishika kwa rimoti.

Unene: filamu nyingi za kabla ya katikati ya miaka ya 1950 na vipindi vya TV vya zamani vina umbo la karibu 4 kwa 3. TV yako ina umbo la 16 kwa 9. Ikiachwa ijaze kioo kizima, inamtanua kila mtu kwa theluthi moja. Ingia kwenye mipangilio ya picha, tafuta umbo au ukubwa wa picha, chagua 4:3 au umbo la asili. Kutakuwa na nafasi nyeusi kushoto na kulia. Ziache, ni haki yake. Usichague kukuza, kwa sababu ili ijaze kioo inakata robo ya kimo cha picha, na kinachokatwa ni vichwa na miguu, yaani kilekile tulichosema mtoto anakihitaji. Kupima ni rahisi: simamisha mahali penye gurudumu au sahani iliyoelekea kamera, weka rula. Kimo na upana vilingane. Kama gurudumu ni yai, bado. Ukiona TV iko sawa na picha bado imetanuka, kagua mipangilio ya deki yenyewe, huenda imeambiwa inatumikia TV ya aina nyingine.

Kuteleza: filamu ina picha 24 kwa sekunde. TV mpya hubuni picha za katikati ili mwendo uwe laini, na matokeo yake ni ule mwonekano wa kurekodiwa studio jana. Kila kampuni inakiita jina lake, lakini kipo kwenye mipangilio ya mwendo wa picha. Kizime kabisa, au chagua hali ya filamu, ambayo kwenye TV nyingi hukizima au kukipunguza. Kagua kila mlango wa kuingizia picha kwenye TV, maana mara nyingi mipangilio ya diski na ya intaneti huhifadhiwa mbali mbali.

Kinyume chake, kwenye filamu bubu mnaweza kuona watu wanakimbia kama siafu. Nyingi zilipigwa kwa kamera ya kuzungushwa kwa mkono, pengine picha 16 hadi 20 kwa sekunde, kisha zikanakiliwa kuchezwa kwa 24. Kama programu yako ina kubadilisha kasi, weka 0.75: 24 inakuwa 18. Nakala zilizorekebishwa na hifadhi za filamu huwa zimeshasawazishwa, hizo usiziguse, na wachekeshaji wengine walikusudia kasi iwe kubwa kidogo. Amua kwa kutazama mtu anayetembea tu, si anayekimbia. Muziki ukiharibika kwa kupunguza kasi, ukate, kwa kuwa mara nyingi uliwekwa baadaye.

Sauti: ipange kwenye mahali penye kelele kuliko pote, si kwenye mazungumzo ya mwanzo. Wengi hupandisha sauti ili wasikie mnong'ono, dakika 2 baadaye tarumbeta zinamrusha mtoto kochini. Washa hali ya usiku inayopunguza tofauti ya juu na chini, zima kipengele kinachoisambaza sauti ionekane inatoka pande zote, kwa sababu sauti ya zamani ni ya njia moja na ikisambazwa maneno yanafifia. Taa ya sebuleni ibaki imewaka.

Na diski: ifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kuelekea ukingoni, kwa mistari iliyonyooka, kamwe usizungushe. Mkwaruzo unaofuata mviringo unakula data nyingi zilizofuatana, mashine ikashindwa kukisia kilichopotea. Unaokatiza, mashine huuruka kwa urahisi. Kanda ya video yenye unga mweupe wa ukungu usiiingize mashineni, itauchafua mfumo mzima na kanda zitakazofuata. Vyovyote iwavyo, filamu iwe imeshafika kwenye kipande chake na imesimamishwa kabla hujamwita mtoto. Dakika 3 za menyu na maonyo ya hakimiliki zinamaliza subira aliyokuja nayo.

Akiwa anacheza pembeni

Hapana, mama, msiendelee. Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti wa watoto wa miezi 12, 24 na 36 waliokuwa wakicheza huku TV ikionyesha mchezo wa maswali wa watu wazima. Waliitupia macho kwa sekunde chache tu kila mara, mtu angesema hawaioni. Hata hivyo michezo yao ilikuwa mifupi zaidi, na walizama ndani yake kwa muda mfupi zaidi. TV isiyomhusu ilikuwa inamkatiza mtoto bila yeye kujua. Vipokea sauti vya masikioni havitatosha, kwa sababu picha bado inamulika na ninyi wenyewe hampo, hata mkiwa mmekaa hatua 2 kutoka kwake.

Kwa hiyo filamu yenu isubiri alale, hata kama inabidi iangaliwe kwa usiku 2. Kaeni na rimoti mkononi, si juu ya kabati. Ukisikia miguu midogo inakuja, simamisha, na kama picha iliyosimama ni ya bunduki au damu, zima kioo kabisa. Washa taa, mrudishe kitandani, kaa naye mpaka asinzie, ndipo mrudi mlipoachia.